Mnakimbia, au Mnatukimbia?

Somo: Marko 1:29-39

Twawasalimu asubuhi hii, ninyi mnaochochea moto jikoni, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi mlio kitandani kwa ajili ya ugonjwa. Aliye na Biblia karibu na aifungue Injili ya Marko, sura ya kwanza. Asiye nayo na asikilize tu.

Marko atuambia kwamba siku ya Sabato Bwana Yesu aliingia nyumbani kwa Simoni. Mama mkwe wa Simoni alikuwa na homa. Yesu akamshika mkono, naye akapona. Jioni mji wote ukakusanyika mlangoni. Asubuhi yake, kungali giza, Yesu akatoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba huko. Habari hiyo tuliisoma katika chuo cha theolojia, na tumeihubiri mara nyingi. Lakini twakiri kwamba hatukuielewa mpaka mwaka wa 2020, na aliyetufundisha ni mtoto wa miaka minane.

Mwaka ule mwaukumbuka. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba ugonjwa wa korona umeingia Kenya. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, na tangu tarehe 27 Machi watu wakakatazwa kuwa nje kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, isipokuwa wenye kazi za lazima. Maziko, ambayo kwetu hujaza uwanja mzima, yakawa ya watu 15.

Sisi twakaa upande wa Kaptagat, huku kwenye baridi na misitu. Huku mtu huamshwa na vishindo vya miguu kabla ya jogoo. Wakimbiaji hupita alfajiri makundi kwa makundi katika barabara ya udongo mwekundu, kati ya misonobari. Ndiko afanyiako mazoezi Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza mbio za marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, walikuwapo wakimbiaji 41 walioandaliwa kumsaidia kushika mwendo. Nusu mwaka haikuisha, kambi zikafungwa. Wakimbiaji wakawa wanapita mmoja mmoja, mbalimbali, kimya. Na wale waliozoea kukaa kambini juma zima wakaenda kukaa na watu wao nyumbani.

Nasi pia tulirudishwa nyumbani, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Tulikuwa watu saba: sisi wawili, watoto wanne, na nyanya yao, ambaye sote humwita Kogo. Zamani hatukuona kwamba nyumba ni ndogo, kwa sababu hatukukaa ndani yake. Mmoja wetu alikuwa na ibada, maziko na vikao vya parishi. Mwingine alikuwa na mikutano ya akina mama na wagonjwa wa kutembelea. Tulirudi usiku, tukala, tukalala. Watu walitusifu kwamba tuna nyumba ya Kikristo, lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Sasa tulitazamana mchana kutwa. Sadaka hazikuja, na unga ulipimwa kwa kikombe. Watoto waligombana. Kijana wetu mkubwa, aliyekuwa Kidato cha Nne, aliacha kusema. Akiulizwa, alijibu kwa neno moja. Nasi tulijibizana kwa ukali juu ya mambo madogo, kama vile nani amemaliza sukari.

Basi tukapata dawa yetu. Kila siku ilipofika saa 11 na nusu, tulivaa viatu tukaingia msituni kukimbia, sisi wawili tu. Ilikuwa raha kubwa! Ukungu umetanda, umande unaanguka kutoka majanini, mbega wanaanza kuitana juu ya miti. Pumzi ilipokwenda vizuri tuliomba kwa sauti, mmoja akiitikia mwenzake. Mwanzoni tulikaa huko nusu saa. Kisha ikawa saa nzima, kisha saa moja na nusu. Tulijiambia kwamba twamfuata Bwana Yesu mahali pasipo watu.

Asubuhi moja mwezi wa Juni tulimkuta kitinda mimba wetu amesimama langoni, amejifunga shuka ya Kogo, anatetemeka. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, mama, mnaenda kukimbia, au mnatukimbia?"

Wapenzi, hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi ndani, tukaenda zetu, lakini miguu ilikuwa mizito. Hatukufika mbali, tukasimama kando ya njia. Mmoja wetu akasema, "Mtoto amesema kweli." Mwingine akanyamaza, maana naye alijua. Tulikuwa tukiomba msituni kwa ajili ya watu tuliokuwa tukiwakimbia.

Hapo ndipo Marko alipotufungukia. Yesu alikwenda mahali pasipo watu, naam. Lakini Simoni na wenzake walipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakuwaficha uso, wala hakuwalaumu kwa kumkatiza maombi. Aliondoka pamoja nao, akaenda kuhubiri katika miji ya jirani. Na mtu wa kwanza ambaye Marko anatuonyesha baada ya hapo ni mwenye ukoma, na Yesu alinyosha mkono akamgusa. Maombi ya alfajiri yalimpeleka kwa watu. Yetu yalikuwa yakitutoa kwao.

Kesho yake hatukwenda wawili. Tulikwenda sita. Kogo peke yake alibaki, maana magoti yake hayamruhusu. Alikaa karibu na jiko akatuombea kwa majina, mmoja mmoja, mpaka tukarudi. Mwendo wetu ulikuwa mwendo wa mtoto mdogo. Wakimbiaji wenyewe walipotupita walicheka na kutupungia mkono. Mbio hazikuwa mbio tena. Zilikuwa matembezi yenye kukohoa na kusimama kufunga kamba za viatu. Na jasho lilikuwa dogo kuliko zamani.

Lakini sikieni. Mwezi wa Julai ilipotangazwa kwamba mwaka ule wa shule umepotea, tulikuwa njiani na yule kijana mkubwa, wengine wametangulia. Mezani hangesema kamwe. Lakini watu wakienda bega kwa bega hawatazamani machoni, na neno gumu hupata njia ya kutoka. Alituambia kwamba ameamua kuacha shule aende mjini kuendesha bodaboda, kwa sababu ameona unga ukipimwa kwa kikombe na hataki kuwa mzigo. Alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake tangu Aprili. Aprili yote, Mei yote, sisi tulikuwa msituni tukiwaombea vijana wa parishi!

Hatukumhubiria. Tulimwomba msamaha. Tulikaa juu ya gogo, tukalia watatu. Shule zilipofunguliwa kwa madarasa ya mtihani mwezi wa Oktoba, alirudi.

Makanisa yalifunguliwa katikati ya Julai, kwa watu 100 tu na kwa saa moja tu. Waliokuwa chini ya miaka 13, na waliopita miaka 58, waliambiwa wangoje nyumbani. Kwa hiyo Kogo na kitinda mimba hawakuweza kuja, na ibada ya nyumbani ikaendelea kwa ajili yao, baada ya msitu na kabla ya chai. Twadhani ndiyo ibada bora tuliyopata kuongoza.

Siku zile zimekwisha. Amri ya kukaa ndani usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na shughuli zimetujia tena kama zamani. Kwa hiyo twawauliza ninyi, nasi twajiuliza kila alfajiri: hiyo kazi, hicho kikao, hata hayo maombi yako, je, unakwenda, au unawakimbia walio nyumbani? Si vibaya kutoka mapema. Bwana wetu alitoka. Lakini angalia unarudi na nini mkononi. Ukirudi na uvumilivu kidogo zaidi kwa mume wako, mke wako, mama yako mzee na mtoto asiyesema, ujue ulikuwa pamoja na Mungu. Ukirudi mkali vile vile, basi huenda ulikuwa umekimbia tu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeamka kungali giza ukaomba, utuamshe nasi. Utupe mahali pa utulivu, na ukitutuliza uturudishe nyumbani. Uwasamehe wazazi tuliowakimbia watoto wetu, na uwafungue vinywa watoto waliobeba mizigo peke yao. Uwape nguvu wazee wanaotuombea karibu na moto. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.