Gari la haibridi na safari za kwenda gengeni



Wiki chache zilizopita nilisimama katika yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam, mkono mmoja juu ya boneti ya gari jeupe linalong'aa na mkono mwingine mfukoni. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya hesabu za chama chetu cha kuweka na kukopa. Karatasi hiyo ilisema kwamba nina shilingi milioni 10, na kila mtu nyumbani kwangu anajua kazi ya fedha hizo: ni bati na mbao za nyumba ya Kibaha, ambayo kuta zake zimesimama bila paa kwa misimu mitatu ya mvua. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nyumba ya kazini itanitoka, na nyumba isiyo na paa haitanipokea.

Hata hivyo nilikuwa pale yadi. Kijana muuzaji alinifungulia mlango, akaniambia, "Mzee, hili ni la haibridi. Lita moja ya mafuta, kilometa 35. Wewe unayezunguka Sinza tu, utasahau kituo cha mafuta kilipo."

Maneno yale yaliniingia. Kwa kweli mimi ni mtu wa kuzunguka Sinza tu. Asubuhi nampeleka mjukuu shule, kisha naelekea kazini Mwenge, ambako ni kama kilometa tatu. Jioni narudi, napitia gengeni, basi. Kwa siku nzima gari langu halizidi kilometa nane. Nikajiuliza: je, gari la haibridi linamfaa mtu wa safari fupi kama mimi? Na kwa kuwa najua wako wengi mnaojiuliza hivyo hivyo, leo nawaletea majibu niliyoyapata kabla sijatoa hata senti.

Kwanza tulijue lenyewe. Gari la haibridi, wengine huliita gari mseto, lina injini ya petroli kama gari lolote, na lina mota za umeme zinazopata nguvu kutoka kwenye betri kubwa. Magari mengi ya aina hii tunayoyaona mitaani kwetu hayachomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wake unatokana na injini yenyewe na breki. Ukikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea kwa joto la breki hurudi kwenye betri. Ukisimama kwenye foleni, injini huzimika. Ukisogea polepole, mota peke yake inaweza kukusogeza. Toyota Prius, gari la kwanza la aina hii kuuzwa kwa wingi duniani, lilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Mdogo wake, Aqua, ambalo ndilo nililokuwa nimelishika boneti, lilianza mwaka 2011.

Na zile kilometa 35 kwa lita? Kijana hakuzitunga. Aqua lilipotoka, kipimo rasmi cha Japani kilionyesha kilometa 35.4 kwa lita. Lakini kipimo hicho hufanywa ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mitambo, bila mashimo ya barabara, bila kiyoyozi kinachopambana na joto la mwezi wa pili, na bila bodaboda anayekuchomekea ghafla. Mwenye kununua gari kwa kipimo cha maabara ni sawa na mwenye kununua shamba kwa kuangalia picha.

Nikamwendea mpwa wangu, ambaye huendesha gari la namna hiyo hiyo kwa kubeba abiria wanaoita kwa simu. Nilimwambia, "Niazime gari lako wiki moja, mimi nitakupa langu." Akacheka, "Mjomba, nikikupa hilo tutakula nini?" Tukaafikiana siku tatu, nami nikamlipa hesabu yake ya siku. Nilijaza tangi mpaka juu, nikafanya safari zangu zile zile za shule, Mwenge na gengeni, kisha nikajaza tena na kugawanya kilometa kwa lita. Nilipata kilometa 17 kwa lita. Gari langu la zamani, katika safari hizo hizo, hunipa 10. Mpwa wangu mwenyewe, akizunguka mji mzima kuanzia alfajiri, hupata 20.

Mtauliza, mbona yeye hupata 20 na mimi 17, na gari ni lile lile? Hapa ndipo penye kiini cha safari fupi. Injini ya petroli, ya haibridi au isiyo ya haibridi, haipendi kuamshwa na kuzimwa kabla haijapata joto. Ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi. Gari la haibridi likiwashwa asubuhi, injini yake huunguruma kwa dakika moja au mbili hata kama betri imejaa, ili ipate joto yenyewe na kukipasha joto kile chombo cha kusafishia moshi. Ukienda kilometa moja na nusu tu ukazima, sehemu kubwa ya safari yako imekuwa ni ya kupasha moto. Ni sawa na kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kuchemsha kikombe kimoja cha chai: mkaa unapokolea, wewe umeshamaliza kunywa. Mpwa wangu hulipasha jiko lake mara moja tu asubuhi, kisha hulipikia mchana kutwa.

Hata hivyo tusilionee gari. Sisi wa pwani tuna nafuu, kwa sababu injini iliyolala katika joto la Dar es Salaam haiamki na baridi kama ya mwenye gari wa Ulaya wakati wa theluji. Pia safari yangu ya kilometa tatu si safari ya dakika tano. Asubuhi kwenye barabara ya Shekilango huweza kunichukua dakika 30 na zaidi, na nusu ya muda huo nimesimama. Gari langu la zamani husimama huku likinywa. Lile la mpwa wangu lilisimama kimya, injini imezimika, kiyoyozi kikiendelea kwa umeme, ingawa kila baada ya muda injini iliamka kuijazia betri. Kwa hiyo urefu wa safari peke yake hauamui kitu. Safari fupi ya foleni ni chakula cha gari la haibridi. Safari fupi ya barabara tupu, ya kwenda dukani na kurudi, hailipi nafasi ya kuonyesha kazi yake.

Basi mimi, mtu wa foleni, nimeshinda? Nilidhani hivyo, mpaka mama watoto aliponiletea kalamu. Akaniambia, "Usinihesabie kilometa kwa lita. Nihesabie shilingi kwa mwaka."

Tukaketi. Kilometa 8 kwa siku, siku 300, ni kilometa 2,400 kwa mwaka. Gari langu la zamani hutumia lita 240. La haibridi lingetumia lita 141. Naokoa lita 99, tuziite 100. Tuchukulie lita moja ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi: ni shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani 25,000 kwa mwezi. Gari lile lilikuwa linauzwa milioni 16, na langu la zamani lingenipa milioni sita. Ningeongeza milioni 10, fedha zote za paa. Milioni 10 ukizigawanya kwa laki tatu ni miaka 33. Mimi nina miaka 58. Gari lingenirudishia fedha zangu nikiwa na miaka 91, na nyumba ya Kibaha bado inatazama mbingu.

Kuna mtu atasema hesabu hiyo si ya haki, kwani wako wasio na gari kabisa ambao lazima wanunue moja. Sawa. Tufanye gari la kawaida la umri na ukubwa ule ule ni milioni 13, na la haibridi ni milioni 16. Tofauti ni milioni tatu. Kwa safari zangu bado ni miaka kumi. Sasa mtazameni mpwa wangu. Yeye huenda kilometa 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla kilometa 36,000. Kwa gari la kilometa 10 kwa lita angechoma lita 3,600. Kwa la 20 anachoma 1,800. Anaokoa shilingi milioni 5 na laki 4 kwa mwaka, na ile tofauti ya milioni tatu huirudisha kabla ya miezi saba kwisha. Na safari zake nazo ni fupi: abiria wa kutoka Mwenge kwenda Makumbusho, wa Makumbusho kwenda Kinondoni. Ila yeye anazo nyingi na mimi ninazo chache. Hiyo ndiyo tofauti yote, ndugu wasikilizaji. Gari la haibridi hulipwa na wingi wa kilometa. Asiyetembea sana hana cha kuokoa, hata gari lingekunywa maji.

Liko jambo la pili ambalo wauzaji hulipitia haraka, nalo ni betri. Ile betri kubwa huchakaa kwa matumizi, lakini huchakaa pia kwa miaka na kwa joto. Mtu akikuambia gari lina kilometa chache, muulize lina miaka mingapi, maana gari la miaka kumi lina betri ya miaka kumi, hata kama lilikuwa likiendeshwa na bibi kizee wa Japani kwenda sokoni tu. Betri hiyo imeundwa kwa vipande vingi vilivyoungana mfululizo kama shanga, na kipande kimoja kikichoka, vyote hulegea. Wako mafundi wanaobadilisha kipande kimoja na kukurudishia gari. Lakini vilivyobaki vina umri ule ule, na mara nyingi baada ya muda hufuata kingine, kisha kingine.

Na gari la haibridi halipendi kulala. Mfanyakazi mwenzangu, simtaji, alinunua la kwake akawa analitoa siku za Jumapili tu. Kwanza ilikufa betri ndogo, ile inayoamsha kompyuta za gari, na bila hiyo gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Baadaye ikawaka taa ya onyo ya betri kubwa. Akaliuza kwa hasara, na hadi leo ukitamka neno haibridi mbele yake hubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo kwa anayefikiria kununua, nashauri hivi. Hesabu kwanza kilometa zako za mwaka. Usikisie, soma dashibodi leo, usome tena baada ya mwezi. Zikiwa nyingi, na nyingi kati yake ni za foleni, nenda kanunue bila woga. Kabla ya kulipa, mlipe fundi anayezijua haibridi aipime betri kwa kompyuta, kipande kwa kipande. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua, kwa hiyo asiyejifunza kazi hiyo asizishike. Ukishalinunua, tazama karibu na kiti cha nyuma: kuna tundu la hewa inayopoza betri. Usiliziba kwa mifuko ya soko, na chujio lake lisafishwe vumbi. Ukisafiri wiki kadhaa, mwachie mtu ufunguo aliwashe na kulizungusha kidogo. Na oili ibadilishwe kwa miezi, si kwa kilometa tu, kwa sababu injini isiyopata joto vizuri huichafua oili kwa unyevu na mafuta.

Kilometa zako zikiwa chache kama zangu, basi ubaki na gari lako dogo. Nimeweka plagi mpya na chujio jipya la hewa, nimejaza upepo wa matairi inavyotakiwa, na mambo ya gengeni nayafanya kwa miguu. Kariakoo naenda kwa mwendokasi kutoka kituo cha Shekilango. Mjukuu amegundua kwamba shule yake si mbali kama gari lilivyomfanya aamini, na siku ambazo hakuna mvua tunatembea.

Yule kijana wa yadi alinipigia simu mara mbili, na mara ya pili alinipunguzia laki tano. Nilimshukuru. Nilimpa namba ya mpwa wangu, ambaye ana rafiki anayetafuta gari la kazi. Mimi Jumamosi naelekea Kibaha, na lori la bati liko mbele yangu.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni kila la heri.