Somo la Njia ya Tembo

Kaeni vizuri, mfungue madaftari. Neno letu la leo ni USHOROBA. Lisomeni polepole: u-sho-ro-ba. Zikiwa nyingi huitwa shoroba. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni jina la kijiji! Maana yake ni njia nyembamba, na leo tunasema juu ya njia wapitayo wanyama kutoka hifadhi moja mpaka nyingine.

Ninyi wa Kawajense mnazijua hifadhi zenyewe. Kusini ya Mpanda, ukifika Sitalike, iko Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Upande wa magharibi, kando ya Ziwa Tanganyika, iko Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, makao ya sokwe. Katikati yake ni misitu na mabonde ya Wilaya ya Tanganyika. Huko ndiko tembo hupita.

Kwa nini tembo asikae mahali pamoja? Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua, hata viboko hubanana katika matope. Tembo hutafuta maji na malisho kwingine. Tena wanyama waliofungiwa pamoja miaka mingi huzaana ndugu kwa ndugu, na kizazi hudhoofika. Mfugaji anajua jambo hili, ndiyo maana hubadili beberu.

Basi, mtu akikata msitu na kulima mahindi katikati ya njia, tembo akija hukuta shamba. Kibao hawezi kukisoma! Usiku mmoja tu, kazi ya mwaka imekwisha. Serikali hutoa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa eka, kwa kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Nasema wazi, fedha hiyo haijazi ghala, na aliyepoteza chakula cha watoto wake ana haki ya kununa. Lakini kuziba njia hakumzuii tembo. Kunamleta mlangoni.

Wala njia ikiachwa haikai bure. Mizinga ya nyuki hukaa vizuri ndani yake, na asali ni fedha. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Mwese na Kapanga vikiwamo, vimepata fedha kwa kutunza misitu yao, maana miti hushika hewa chafu ya viwanda, na wako watu wa nchi za mbali wanaolipia kazi hiyo.

Wengi wenu mna mashamba vijijini. Mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo ramani hubandikwa ukutani, na asiyejua kusoma hukubali tu.

Kazi ya juma hili: waulizeni wazee tembo walikuwa wakipita wapi na kunywa maji wapi. Andikeni majina ya mahali hapo, kila jina mstari wake, mje nayo darasani.