Uuzapo Mkweche, Taja Ugonjwa Wake

  Leo tuzungumze habari ya kuuza pikipiki kuukuu, zile ndogo zisizotembea tena, zilizoegemezwa nyuma ya nyumba huku kuku wakitaga chini yake.

Huku kwetu Kibamba, kandokando ya barabara ya Morogoro, pikipiki za namna hiyo si haba. Nyingine wenyewe wamestaafu, nyingine wenyewe wamefariki dunia. Wanunuzi wake ni wa aina mbili. Yupo wa chuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo, hulipa na kuondoka. Yupo pia anayetaka kuifufua iingie tena barabarani. Huyu wa pili ndiye nimzungumziaye, kwa sababu ndiye anayeweza kuumia.

Kuna mtu atauliza, kwa nini mtu mwenye akili timamu anunue mzoga? Chukueni mfano wa Honda CG 125. Kampuni ya Honda ilianza kuitoa katika miaka ya sabini, ikizikusudia nchi zenye barabara mbaya na matunzo haba. Valvu zake huinuliwa kwa vijiti vya chuma, si kwa mnyororo wa ndani unaohitaji uangalizi wa mara kwa mara. Baadaye Wachina waliinakili sana injini hiyo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia nchini kwa kazi ya bodaboda ni za ukoo huo huo. Kwa hiyo mwenye CG kuukuu anaweza kwenda Kariakoo akapata ringi, kabureta au sahani za klachi. Si kila spea itakaa bila kurekebishwa, lakini fundi mzuri atafika.

Basi mkweche una thamani. Na penye thamani hapakosi ujanja. Muuzaji hupiga tenki rangi mpya. Humimina oili nzito ili injini isigonge wala isitoe moshi. Huazima betri ya jirani kwa siku moja. Huipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, ili kiki ya kwanza tu iwake.

Kijana mmoja wa mtaa jirani aliuziwa pikipiki hivyo. Aliambiwa, "Mdogo wangu, hii inataka plagi tu." Fundi alipoifungua alikuta silinda imekwaruzika, gia ya pili imelika meno, na ganda la injini lina ufa uliozibwa kwa gundi. Matengenezo yakala fedha kuliko bei ya kununulia. Hata alipomaliza, hakuweza kuitoa barabarani. Kadi aliyoahidiwa kuletewa "kesho" ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, tena marehemu. Akiba ya kijana yule imelala chini ya mwembe mpaka leo.

Ndugu wasikilizaji, mimi nami niliuza CG yangu mwaka jana. Niliandika karatasi yenye mafungu matatu: kinachofanya kazi, kilichokufa, na kisichokuwepo. Nikaandika kwamba pistoni imechoka, taa ya nyuma haipo, spoki sita zimekatika, nyaya zimeliwa na panya. Wanunuzi wawili walisoma wakaondoka. Wa tatu alisoma, akamwita fundi wake, wakapiga hesabu ya spea palepale, akanipa bei ndogo kuliko niliyotaka. Nikaichukua, kwa kuwa ilikuwa ndiyo bei ya kitu chenyewe. Sijapigiwa simu ya lawama.

Sasa tuje kwenye karatasi. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Kwa hiyo kadi halisi ya usajili iwepo mezani kabla ya fedha. Namba ya injini na ya chesisi zisomwe kwenye chuma chenyewe, zilinganishwe na kadi. Zikiwa zimekwanguliwa, mnunuzi aondoke, maana huenda ni mali ya wizi na mkono wa dola utamkuta yeye. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, kisha pande zote mbili zifike Mamlaka ya Mapato kubadilisha jina. Kama mwenye pikipiki amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto yeyote aliyeshika ufunguo.

Muuzaji naye asidhani kubadilisha jina ni faida ya mnunuzi peke yake. Pikipiki ikifufuka ikagonga mtu, au ikatumika katika uhalifu, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki mbovu haina haja ya kutembezwa kwa uongo. Wapo vijana wenye mikono na subira ya kuifufua, na wengi wao hawana akiba nyingine. Anayewaficha ufa wa injini anawanyang'anya mtaji. Tuwaambie ugonjwa, wao watafute dawa.