Shoki za Upepo Nyuma ya Gari: Kuchagua na Kufunga

Mazungumzo kwa wenye pikapu na magari ya mashambani, Kitale na Bungoma



Msimu wa kuvuna mahindi ukifika, pikapu zinazotoka Endebess kuingia Kitale hutambulika kwa mbali: pua juu, mkia chini, taa zikimulika matawi ya miti badala ya barabara. Upande wa Bungoma ni yale yale. Gari lililopakia viazi Kapsokwony huteremka kwenda Kimilili likiwa limekalia ekseli, na kila shimo linagonga chesisi. Mwenye gari akienda gereji kutafuta dawa, siku hizi huambiwa afunge shoki za upepo. Ni kifaa kizuri. Lakini huuzwa kwa ahadi ambazo hakiwezi kuzitimiza, na kikifungwa ovyo kinaweza kupunguza nguvu za breki za nyuma bila dereva kujua.

Shoki ya kawaida haibebi uzito. Springi ndiyo inayobeba. Shoki inaituliza isiendelee kurusha gari baada ya kupita shimo. Shoki ya upepo ni shoki hiyo hiyo iliyovishwa mfuko wa mpira. Mfuko ukijazwa, unasukuma bodi juu na kuisaidia springi. Mwenye gari hujaza anapopakia na kupunguza akishapakua. Valvu yake ni kama ya tairi, kwa hiyo pampu ya kituo cha petroli inatosha, na hata ya mguu inafaa kwa mwenye subira.

Upepo hauongezi tani. Kiwango cha mzigo kiliwekwa na mtengenezaji akifikiria ekseli, beringi, tairi, breki na chesisi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika shoki zinapobadilishwa. Pikapu ya tani moja ikibeba magunia 10 ya mahindi ya kilo 90, hizo ni kilo 900. Ongeza dereva na utingo wake, hesabu imejaa. Anayefungasha viazi kwa gunia la kilo 50, kama kanuni za mwaka 2019 zinavyotaka, anafika hapo hapo kwa magunia 18. Gunia lililojazwa kupita mdomo ndilo linalomdanganya dereva, maana hakuna ajuaye lina kilo ngapi. Gari lililozidishiwa mzigo kisha likainuliwa mkia kwa upepo linaonekana halali barabarani, na hilo ni baya kuliko lile linaloonekana wazi kwamba limelemewa.

Kabla ya kununua chochote, gari lipimwe. Lisimamishwe mahali tambarare bila mzigo, kisha upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Lipimwe tena likiwa na mzigo wa kawaida. Kama limeinama hata likiwa tupu, au upande mmoja uko chini kuliko mwingine, springi zimechoka au jani limevunjika. Hapo pesa ziende kwenye springi kwanza. Gari linalobeba mzigo ule ule kila siku, kama la kukusanya maziwa, linahitaji springi za kulifaa. Kulipandisha kwa upepo mwaka mzima ni kuchosha mpira bure. Shoki za upepo zinamfaa mwenye gari linalobeba mbolea Jumatatu, likakaa tupu katikati ya wiki, na Jumapili likapeleka familia kanisani.

Aina ya springi nayo ina neno. Hilux na Land Cruiser pikapu zina springi za majani nyuma. Prado na Patrol nyingi zina springi za kuzunguka, na humo kuna mifuko ya upepo inayoingia ndani ya springi yenyewe. Mifuko hiyo inasukuma pale pale springi inaposukuma, kwa hiyo haiyapi kazi mpya masikio ya shoki. Hilo ni jambo kubwa. Masikio hayo yaliundwa kushika shoki ya kutuliza. Shoki ya upepo inayageuza kuwa ya kubeba. Katika gari la zamani, lenye kutu au lililochomelewa mara mbili tatu, sikio linaweza kung'oka likiwa na mzigo. Fundi ayasugue kwa brashi ya waya na kuyaangalia kwa tochi kabla ya mteja kulipa.

Ipo pia mifuko mikubwa ya upepo inayowekwa kati ya ekseli na chesisi kwenye magari ya springi za majani. Australia, ambako pikapu hubeba mizigo mizito kwenye barabara za vumbi, chesisi nyingi zimepinda kwa njia hiyo. Jani la springi hugawa uzito sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unausukuma wote mahali pamoja, na mzigo ukiwa umelundikwa nyuma kabisa, chesisi inapinda juu ya mfuko.

Sasa breki. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za miaka mingi, zina valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, iliyoungwa kwa chuma kirefu au springi ndogo. Kazi yake ni kupima umbali kati ya chesisi na ekseli. Chesisi ikishuka, inajua gari lina mzigo na kuruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Chesisi ikiwa juu, inajua gari ni tupu na kupunguza nguvu hizo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Gari likipakiwa kilo 900 kisha likainuliwa kwa upepo hadi kimo chake cha utupu, valvu inadanganyika. Breki za mbele zinabeba kazi karibu yote, zinapata moto, na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwenye tambarare ya Kiminini dereva huenda asigundue. Kwenye mteremko wa kwenda Kimilili, saa ambayo watoto wanatoka shule na bodaboda zimejaa kandoni, atagundua.

Kwa hiyo mkia usiinuliwe hadi usawa kamili. Uachwe ushuke kiasi. Fundi arekebishe valvu hiyo kwa kitabu cha gari na geji ya presha ya breki, si kwa kukisia. Wako wanaoifunga kwa waya au kuiondoa kabisa. Hao wanaondoa tatizo la mzigo na kuleta lingine: gari tupu linalozunguka lenyewe kwenye tope la Aprili.

Katika kununua, urefu wa shoki ndio wa kwanza. Upimwe kutoka sikio la juu hadi la chini gurudumu likining'inia, kisha likiwa limesukumwa juu hadi kwenye mpira wa kuzuia. Shoki fupi itavutwa hadi mwisho gurudumu likiingia mtaroni. Ndefu kupita kiasi itagonga ndani mapema. Pia ni nene kuliko ya kawaida, kwa hiyo iangaliwe isiguse tairi wala mpira wa breki. Shoki zilizotumika ziachwe sokoni, hata zikimetameta: mpira huzeeka, na nyufa huonekana tu ukishajazwa.

Wakati wa kufunga, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, na chesisi ikae juu ya stendi, si juu ya jeki. Upande mmoja umalizwe kabla ya kufungua mwingine. Mrija wa upepo ukatwe kwa wembe mkali, wima, maana ncha iliyokatwa kwa msumeno huvuja. Upitishwe mbali na bomba la moshi. Kila shoki iwe na mrija na valvu yake. Mirija ikiunganishwa, upepo hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda mwingine gari likikata kona, na bodi inalala zaidi. Bolti za masikio zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ama sivyo bushi zitakaa zimejisokota na kupasuka.

Presha ifuate kitabu cha shoki. Nyingi hutaka psi 20 kwenda juu hata gari likiwa tupu, kwa sababu mfuko usio na upepo hujikunja na kujikwaruza. Ndani mna nafasi ndogo, hivyo kupima tu kwa geji kunapoteza upepo. Aliyepima aongeze kidogo. Kuhusu kupanda kutoka Bungoma, mita kama 1,400 juu ya bahari, hadi Kitale yenye 1,900 hivi, wasiwasi wa baadhi ya madereva hauna msingi: tofauti haifiki psi 1.

Baada ya wiki moja ya kazi bolti zikazwe tena, valvu na viungo vipakwe maji ya sabuni kutafuta mapovu, na taa za mbele zipangwe upya. Tope jekundu lioshwe kwenye mifuko kila linapokauka, kwa maji mengi bila brashi ngumu, maana mchanga uliomo ndio unaokata mpira.