Mwizi wa Simu Anataka Haraka Yako

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama na jumuiya ndogo ndogo)

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya simu iliyo mfukoni mwako, maana siku hizi ndiko inakokaa karo ya watoto, pesa ya dawa na pesa ya kikundi.

Tangu M-Pesa ianze mwezi wa Machi 2007, mtu wa Maua anauza miraa na mtu wa Runyenjes anauza kahawa bila kubeba noti njiani. Hilo ni jambo jema. Lakini mwizi naye amehama. Zamani alikungojea kwenye stendi ya matatu. Leo anakupigia akiwa mbali sana. Kwa miaka mingi gereza la Kamiti limetajwa katika mambo haya, na polisi wamewakamata watu mara kadhaa huko Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok. Mtu hajawahi kukanyaga Meru wala Embu, na anakula jasho la mama wa Nkubu!

Kuna jambo moja tunaomba mlishike. Mara nyingi mwizi huyu hawezi kuchukua pesa yako bila wewe kumsaidia. Ni lazima umpe nambari yako ya siri, ama habari zako, ama utume pesa kwa mkono wako mwenyewe. Basi anakutia hofu, furaha au huruma, halafu anakuharakisha ili usipate nafasi ya kufikiri wala kuuliza mtu. Hebu tuangalie njia zake.

Ya kwanza: "Nimekutumia pesa kimakosa." Ujumbe unaingia, umeandikwa kama wa M-Pesa, kwamba umepokea shilingi 3,500. Dakika hiyo hiyo mtu anapiga simu akilia kwamba ni pesa ya hospitali, umrudishie. Kumbe ujumbe ule ameuandika mwenyewe kwa simu yake. Angalia umetoka wapi: ujumbe wa kweli huonyesha jina MPESA, si nambari ya mtu. Kisha piga *334# uangalie salio lako. Na kama pesa imeingia kweli, bado usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie atume ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, Safaricom wamrudishie. Kwa nini? Kwa sababu mkora anaweza kupokea pesa yako, halafu aombe kampuni imrudishie ile yake pia. Utalipa mara mbili.

Ya pili: "Tunapiga kutoka Safaricom, laini yako itafungwa." Anauliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, na mwisho nambari ya siri. Safaricom wenyewe wamesema wakikupigia watatumia 0722 000 000 peke yake. Hata hivyo, awe ni nani, hakuna mfanyakazi wa kampuni wala wa benki anayehitaji nambari yako ya siri. Ukisikia anaiuliza, kata simu. Si utovu wa adabu kumkatia mwizi.

Habari hizo anazitafuta kwa nini? Akiwa nazo anaweza kwenda kwa ajenti asiye mwaminifu na kupewa laini mpya yenye nambari yako. Simu yako inakufa mtandao, yake inaamka. Anamaliza salio, halafu anakopa M-Shwari na Fuliza kwa jina lako, na deni linabaki kwako. Kwa hiyo, piga *100*100# kwa simu yako ili laini yako isibadilishwe kwa ajenti. Na siku utakapoona simu yako haina mtandao na za majirani zinao, usingoje kesho. Chukua kitambulisho uende duka la Safaricom.

Ya tatu: habari ya ghafla. "Mtoto wako ameanguka shuleni, tuma pesa daktari aanze." "Wewe ni mzee wa miaka 70, tuma ada ya kuandikishwa upate ile 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii." "Kijana wako amepata kazi, tuma pesa ya fomu." Na msimu wa bonasi ya majani chai ndio wa kuwa macho zaidi, maana mwizi naye anajua mkulima amepata. Dawa yake ni moja: kata simu, halafu wewe mwenyewe upige ile nambari ya mwalimu au ya chifu unayoijua tangu zamani. Usipige ile uliyopewa na mgeni.

Ya nne ni kwa wenye kadi ya benki. Nambari ndefu za mbele, tarehe ya kuisha, na zile nambari tatu za nyuma zinatosha mtu kununua vitu kwa intaneti akitumia pesa yako. Usimpigie mtu picha ya kadi. Ukitumiwa nambari fupi na benki kwa simu, hiyo ni ufunguo wa mlango, usimsomee mtu. Kwenye mashine ya ATM, funika mkono unapobonyeza, na ukishindwa ingia ndani ya benki uulize. Kijana mwema aliyesimama nyuma yako si wa kushika kadi yako.

Je, ukiwa umeshaibiwa? Usikae chini kulia. Dakika za kwanza ndizo za thamani, maana pesa ikishatolewa kwa ajenti si rahisi irudi. Tuma ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456. Piga 100. Nambari ya mkora na ujumbe wake vipeleke 333, bila malipo. Kama ni kadi, ipigie benki waifunge. Kisha nenda polisi upate nambari ya OB. Tuna sheria ya uhalifu wa mitandao tangu 2018, lakini haiwezi kusaidia mtu asiyesema.

Na hapo ndipo tulipotaka kufika. Katika kazi yetu tumekaa na familia zilizovunjika si kwa sababu ya pesa iliyopotea, bali kwa sababu ya kuificha. Mweka hazina wa kikundi anaibiwa pesa ya zamu. Anaogopa mume, anaogopa wenzake. Anakopa kwa siri ili ajaze, anauza ndama, mwisho anaacha kikundi na anaitwa mwizi. Mkora aliiba mara moja. Sisi kwa kucheka na kufoka tunamalizia kazi yake. Wazee, mke wako akija kukuambia ameibiwa kwa simu, neno lako la kwanza liwe, "Twende tupige 100." Ukimpiga au kumtukana, mara nyingine hatakuambia, na mwizi atapata saa nzima ya kufanya kazi yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kabla hatujakutana tena. Kila kikundi kihamishe pesa yake kutoka simu ya mtu mmoja, iende kwenye akaunti ya sahihi tatu. Na kila nyumba iwe na sheria hii: hakuna pesa inayotoka kwa ajili ya simu ya mgeni mpaka mtu wa pili wa nyumba aulizwe. Nyanya amuulize mjukuu, mjukuu amuulize nyanya. Haraka haraka haina baraka, na mwenye shida ya kweli atangoja dakika tano.

Sasa tunakaribisha maswali, na aliyeibiwa aseme bila aibu.