Adhabu Ilipwe Leo: Kanuni za Mashindano ya Mchangani na Funzo la Hoki ya Magurudumu



Mada ya leo imezaliwa na ubishi. Katika semina moja ya idara yetu, mwanafunzi aliwasilisha pendekezo la kutafiti kanuni za mashindano ya ndondo, yaani mpira wa mchangani wa mitaani. Msomi mwenzangu, mtu ninayemheshimu na ambaye leo nimemwona ameketi safu ya tatu, alisimama akasema hakuna cha kutafiti hapo. Sheria za mpira wa miguu ni 17, zimeshatungwa, dunia nzima inazijua. Mtaani kuna upungufu wa nidhamu, hakuna upungufu wa kanuni. Wafundisheni marefa, mengine yatajipa. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku hiyo nimekuwa na deni la kujibu.

Historia mnaijua, sitawachosha nayo. Kombe la Gossage la 1926 likiwa na timu mbili tu, Kenya na Uganda, sisi kujiunga 1945, kisha Kombe la Chalenji, chama chetu cha mpira kutoka FAT hadi TFF, na huku mtaani makombe yenye zawadi ya mbuzi, mabonanza, na Ndondo Cup iliyoanza 2014 ikasukumwa na chombo cha habari cha Clouds mpaka mechi za mchangani zikavutia watu ambao hata Ligi Kuu iliwatamani. Tuendelee.

Nianze na hizo sheria 17 zenyewe, maana wengi wanaozitaja kwa kujiamini hawajazifungua siku nyingi. Sheria ya 10 inasema kwamba mechi ikihitaji mshindi na timu zikatoka sare, njia zinazoruhusiwa ni goli la ugenini, muda wa nyongeza, na penalti. Ipi itumike? Sheria haisemi. Inaziachia kanuni za mashindano. Idadi ya wachezaji wa akiba, vivyo hivyo. Makundi yawe mangapi, timu zikilingana pointi nani apite, mchezaji wa kukodi aruhusiwe au asiruhusiwe: ukurasa mtupu. Na mwanzoni kabisa mwa kitabu hichohicho, Bodi ya Kimataifa ya sheria za mpira, yenye makao yake Zurich, inavipa vyama ruhusa ya kubadilisha mambo kadhaa kwa mpira wa vijana, wakongwe, wenye ulemavu na wa ngazi ya chini: ukubwa wa uwanja, urefu wa mechi, mchezaji aliyetoka kurudi tena, hata kumtoa mchezaji nje kwa dakika chache kisha akarejea. Watunga sheria wenyewe hawakubaliani na mwenzangu wa safu ya tatu.

Mnataka mfano wa karibu? Mei 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, USM Alger ya Algeria walikuja uwanja wa Mkapa, pale Temeke, wakaifunga Yanga 2–1. Juni Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1–0. Jumla 2–2, na kombe la Shirikisho likabaki Algeria kwa goli la ugenini. Wakati huo Ulaya ilikwishaifuta kanuni hiyo tangu 2021. Kule, mechi kama ile ingekwenda muda wa nyongeza. Sheria 17 ni zilezile huku na kule. Kilichoamua kombe liende wapi ni mstari mmoja katika kanuni za mashindano. Mashabiki wa Yanga waliokuwa wakilia usiku ule hawakuwa na upungufu wa nidhamu.

Mfano mwingine ni wa zamani kidogo, na vijana wengi hawaujui. Mwaka 1980 timu yetu ya taifa ya hoki ya nyasi ilicheza Olimpiki ya Moscow, baada ya mataifa mengi kususia. Tulifungwa na India 18–0. Ndiyo, kumi na nane. Lakini mashindano yale yalikuwa na timu sita, kila moja icheze na nyingine zote, kwa hiyo vijana wetu walirudi uwanjani wakacheza mechi nyingine nne, kisha na ya kuwania nafasi ya tano. Tulishika mkia, India wakachukua dhahabu kwa kuifunga Hispania 4–3 katika fainali. Ungekuwa mtoano, Tanzania ingesafiri mpaka Moscow kwa dakika 70. Wanaosema muundo wa mashindano ni jambo la makaratasi wanifafanulie hilo.

Sasa tuje kwetu. Timu 16 zikicheza mtoano mtupu, mechi ni 15, na timu nane zinaaga baada ya mechi moja. Zikigawanywa makundi manne, mechi za makundi peke yake ni 24, ukijumlisha robo, nusu na fainali unapata 31. Kamati ya mtaa yenye uwanja mmoja wa kuazima, ambao Jumapili asubuhi ni wa wakongwe na siku za kazi ni wa shule, itachagua nini? Mtoano, na haina kosa. Halafu kuna jua. Mwezi Juni hapa Dar es Salaam linazama kama saa 12 na robo jioni. Mechi ya pili ikianza saa 10 na nusu, dakika 90 na mapumziko ya robo saa vinakufikisha hasa kwenye adhana ya magharibi. Muda wa nyongeza uchezwe na nani, popo? Ndiyo maana ndondo huenda moja kwa moja kwenye matuta, yaani penalti, na kila kocha wa Temeke anajua hivyo kabla mechi haijaanza.

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu, naomba mnivumilie. Adhabu za mpira wa miguu zimejengwa juu ya dhana kwamba kuna mechi ijayo. Kadi ya njano haimuumizi mtu leo. Inamuumiza zikijumlishwa, akakosa mechi ya mbele. Ligi ya timu 16 nyumbani na ugenini ina raundi 30, kwa hiyo deni lina muda wa kudaiwa. Katika mtoano wa mtaani mechi ijayo huenda isiwepo. Na mamluki aliyekodiwa kwa mechi moja, kesho yuko Kigamboni na jezi nyingine na jina jingine. Unamwandikia njano ya nini? Umemkopesha mtu ambaye hana anwani.

Niliwahi kukaa meza ya katibu katika shindano moja la mbuzi upande wa Tandika, enzi nikiwa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa daftari la mistari na kalamu ya bluu: magoli, kadi, wanaoingia na wanaotoka. Siku moja ya robo fainali nilianza, kwa kuchoshwa tu na sare ya bila kufungana, kuchora vijiti vya rafu pembeni mwa ukurasa. Timu moja ilikuwa na winga wa kushoto, kijana mwembamba, soksi zimeshuka, anapita watu kama hawapo. Timu ya pili ilimchezea rafu kwa zamu. Namba mbili akamkwatua, dakika tano baadaye namba sita, kisha namba nane, kisha namba nne. Kila mmoja rafu moja, mbili kwa kuzidi; kila mmoja akinyoosha mikono juu kwa refa, akiomba msamaha, akimpa winga mkono wa kumwinua. Refa hakuwa na wa kumpa kadi, maana hakuna aliyerudia vya kutosha. Kipindi cha pili yule winga alikuwa nje, amefunga kifundoni mfuko wa barafu ya shilingi chache kutoka duka la pembeni. Mechi ilikwenda matuta. Mbuzi wa zawadi naye, baadaye, alikwenda na wale waliomkwatua winga. Ukurasa wangu ulikuwa na vijiti vingi upande mmoja na vichache upande wa pili, na hapakuwa na kanuni hata moja duniani, kwa jinsi nilivyojua, ya kuvifanyia kazi.

Kumbe ilikuwepo, na jirani tu. Vukeni Ruvuma. Msumbiji inacheza hoki ya magurudumu, mchezo walioachiwa na Wareno, na wanaucheza vizuri kiasi kwamba mwaka 2011, kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika San Juan nchini Argentina, walimaliza nafasi ya nne nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno. Miaka miwili baadaye Angola ikaandaa ubingwa huo, Luanda na Namibe, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi tunaojiita wanamichezo hatuna habari nao. Mchezo wenyewe uliwahi kuonyeshwa Olimpiki ya Barcelona 1992 na Argentina wakaifunga Hispania katika fainali.

Kitabu cha kanuni za mchezo huu nimekisoma kama wengine wanavyosoma riwaya, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikikitaja. Uwanja ni sakafu ya mita 40 kwa 20, umezungushiwa ukuta wa mita moja. Wachezaji ni watano kila upande pamoja na kipa, wote juu ya viatu vya magurudumu, wanagombea mpira mgumu kwa fimbo zilizopinda. Saa inasimama kila mpira unaposimama, kwa hiyo kujilaza chini hakuna faida. Timu ikipata mpira ina sekunde 45 za kushambulia. Na mezani wanahesabu rafu za timu. Si za mchezaji: za timu. Ya kwanza hadi ya tisa mchezo unaendelea kama kawaida. Ya 10 ikifika, wapinzani wanapewa pigo la moja kwa moja kutoka mita 7.40, wachezaji wengine wote wamewekwa mbali, mpigaji na kipa peke yao. Kisha kila rafu tano zinazoongezeka, pigo jingine. Kosa kubwa zaidi linaleta kadi ya buluu: mkosaji anatoka, na wenzake wanacheza pungufu kwa dakika mbili, au mpaka wafungwe.

Angalieni ustadi wa kanuni hiyo. Hata wachezaji wakikwatua kwa zamu haiwasaidii, kwa sababu vijiti vyote vinaingia kapu moja. Deni linalipwa jioni ileile, mbele ya watu walewale walioona kosa, na anayefidiwa ni yule aliyeumizwa, tofauti na kadi yetu ambayo faida yake anaipata mpinzani wa mechi inayofuata. Mpira wa kikapu una jambo la namna hiyo, rafu ya tano ya timu katika robo moja inaleta mitupo miwili. Futsal nayo, kuanzia rafu ya sita ya timu katika kipindi, wapinzani wanapiga pigo bila ukuta wa mabeki. Watoto wa mjini wanayajua haya. Mpira wetu wa mchangani bado umebaki na kadi za deni.

Wazo la kuhesabu rafu za timu mchangani nilimpelekea mwenzangu wa safu ya tatu; amenijibu kwa maandishi, na hoja zake zina uzito. Anasema ruhusa ile ya Bodi ya Zurich haitaji kuhesabu rafu za timu. Kama nataka adhabu ya siku hiyohiyo, nitumie ile ya kumtoa mtu kwa muda, ambayo ni halali. Kweli. Lakini hiyo inamkamata mtu mmoja anayerudia, na wale wa Tandika hawakurudia. Anasema refa ataogopa kupuliza rafu inayofikisha hesabu. Ataogopa, naam, kama anavyoogopa leo kutoa penalti dakika ya 89, na hatujafuta penalti. Anasema nani atahesabu? Mezani pana katibu tayari, na mara nyingi hana kazi. Anasema timu dhaifu ndiyo itakayoumia, maana hucheza rafu kwa kuzidiwa. Hili limenisumbua kuliko mengine yote, na kwa sababu hiyo nisingeanza na kiwango kikali. Nimeyapima yote, na bado nasimama nilipokuwa: mashindano mafupi yasiyohesabu rafu za timu yanamlipa mcheza rafu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya mpira vya Temeke na Kinondoni, TEFA na KIFA, ambao nafurahi kuwaona hapa. Ninyi ndio mnaotoa vibali vya makombe ya mtaani. Chagueni shindano moja Temeke na moja Kinondoni msimu huu wa kiangazi. Kila kipindi, rafu ya nane ya timu na kila ya tatu baada ya hiyo ilete pigo kutoka ukingo wa boksi, bila ukuta, kipa peke yake. Wekeni ubao na chaki pembeni mwa katibu, hesabu isomeke na aliyesimama ng'ambo ya uwanja. Mashindano yakiisha, nipeni madaftari. Nitayasoma pamoja na mwenzangu wa safu ya tatu, na matokeo tutayaandika wote wawili, yawe yameniunga mkono au yamenipinga.