Ukianguka Mtoni, Usisimame!

Mtakaokwenda Sagana kupanda boti ya mpira katika Mto Tana, hebu sikilizeni. Mawimbi ya gredi ya 2 au 3 (kipimo hufika 6) hata familia huyamudu, mradi kuna kiongozi. Lakini ukitupwa nje penye mkondo, jamani, usisimame, hata maji yakiishia magotini! Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi, na jaketi la kuelea halitakuinua. Lala chali, miguu ielekee maji yaendako, vidole vionekane juu. Kasia usiliachie. Simama ukifika palipotulia. Nawe unayesema jaketi linakuharibia mtindo, funga mikanda yote kwanza, ndipo tuongee mtindo.